Dakika Ishirini Kwenye Maji ya Moto

Miezi minne baada ya kutengenezewa meno ya bandia, Bibi Resiato aliyarudisha kliniki yakiwa yamefungwa kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa Jumatatu ya katikati ya Julai, baridi ya Babati bado ilikuwa kali, naye alikuwa amejifunga shuka mbili. Aliyemleta ni binti yake Nashipai, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Nakwa, ambaye alikuwa ameomba ruhusa ya vipindi viwili na alikuwa akitazama saa kila mara.

Daktari Gerson, mwenye kliniki, alikifungua kitambaa juu ya meza. Meno yenyewe yalikuwa mazima. Tatizo lilikuwa kwenye ufizi wa bandia, ile plastiki ya rangi ya waridi inayoyashika meno na kukaa juu ya fizi za mtu. Ilipotoka hapo mwezi Machi ilikuwa inang'aa. Sasa ilikuwa imefifia, imejaa mikwaruzo, na upande wa kushoto ilikuwa imelika mpaka ukingo ukawa mwembamba kama ganda la yai.

"Na inaniunguza," Resiato alisema akionyesha kwa kidole. "Hapa na hapa. Kama nimekula pilipili."

"Unayasafisha kwa kutumia nini, mama?"

"Maji. Na kitambaa."

"Majivu hutumii?"

"Hapana."

"Mchanga? Mkaa? Wazee wengi wanatumia mkaa, si vibaya ukisema."

"Nimesema maji."

Daktari alimgeukia Nashipai. Nashipai akainama kidogo, akamwita mama yake kwa Kimasai, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwanafunzi wake. "Yeyo, sema ukweli tu. Nyumbani kuna kopo la majivu. Nimekuona nalo."

"Majivu ni ya sufuria," mama yake alijibu.

Daktari Gerson aliandika kwenye faili: maelekezo ya usafi hayakufuatwa. Alikuwa daktari mzuri, mwenye mikono myepesi, na alikuwa ameona majivu ya kutosha katika kazi yake. Akamwita Otilia aje ayachukue akayang'arishe upya.

Otilia alikuwa fundi sanifu wa meno. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki, na ndani ya chumba hicho alikuwa amekaa miaka kumi na minane. Watu wa kliniki walimwita Mama Goodness, kwa jina la binti yake. Wagonjwa wengi hawakumjua kabisa. Walidhani meno yanatengenezwa na daktari. Resiato alimjua, kwa sababu mwezi Machi alikataa meno meupe na Otilia akaitwa kumsikiliza. Meno yake ya zamani yalikuwa ya kahawia, kama ya watu wengi waliokulia kwenye maji ya visima vya huku. Alisema akirudi kijijini na meno kama ya kwenye kalenda, watu watayasikiliza meno badala ya kumsikiliza yeye. Otilia alimtafutia yenye rangi ya asali iliyokolea, na bibi akaridhika.

Sasa aliyapokea, akamwamkia, na moyoni akakubaliana na daktari. Mikwaruzo ile ilikuwa ya majivu. Aliyapeleka kwenye mashine ya kung'arishia, akapaka unga wa kusugulia, akagusisha ukingo kwenye gurudumu la kitambaa.

Akasimamisha mashine hapo hapo.

Kwa kawaida plastiki hiyo inakataa. Unaisukumia gurudumu na inakusukuma nayo, na inachukua muda kabla hujaona umetoa chochote. Hii haikukataa. Ililika kama sabuni. Otilia aliibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaona alama ndogo ya ukucha wake.

Alirudi chumba cha daktari. "Yanahitaji siku kadhaa," alisema. "Nitawapigia." Nashipai alimshika mama yake mkono, wakaondoka.

Otilia alirudi maabara akakaa, kwa sababu alijua alichokifanya.

Kutengeneza ufizi wa bandia kuna hatua zake. Fundi anachonga umbo kwa nta, analizika kwenye plasta ndani ya kopo la shaba lenye vipande viwili, kisha anaiyeyusha nta na kuiondoa. Pale ilipokuwa nta anashindilia donge laini, unga uliochanganywa na majimaji yenye harufu kali. Kopo linabanwa na kupikwa majini, na humo ndani donge linageuka kuwa plastiki ngumu. Alivyofundishwa Otilia, maji yanatakiwa yawe nyuzi sabini na nne kwa saa tisa, kisha yachemke saa moja, kisha kopo liachwe lipoe lenyewe mpaka kesho yake. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka kumi na saba.

Mwezi Februari alikuja mzee mmoja kutoka Kiteto, mzee Sankok, ambaye hakuwa na ndugu mjini. Alisubiri meno yake ya juu siku mbili akilala kwenye benchi la stendi. Otilia alipompa meno, mzee alikuwa akitetemeka na hakuweza kuyaingiza mdomoni mwenyewe. Jambo hilo lilimkaa Otilia moyoni. Alikuwa amewahi kusoma kwamba upo unga unaopikwa kwa dakika ishirini tu kwenye maji yanayochemka. Unga wao haukuwa wa aina hiyo, lakini mzee aliporudi baada ya wiki mbili kutengenezewa meno ya chini, alijaribu. Meno yalitoka mazuri: rangi ileile, yanang'aa, hayana matundu. Akamwambia daktari amepata njia ya haraka, mgonjwa anaweza kuja asubuhi na kuondoka na meno yake jioni. Daktari Gerson alifurahi sana, akamsifu mbele ya wote. Tangu siku hiyo kila kopo lilikuwa linachemshwa dakika ishirini.

Kesho yake, Jumanne, baada ya kazi, alichukua bodaboda mpaka Nakwa. Nyumba ya Nashipai ilikuwa na shamba dogo la mahindi nyuma, mahindi yenyewe yamekwisha kuvunwa, mabua yamelazwa. Resiato alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta meno?"

"Bado. Nimekuja kuona unavyoyasafisha."

Resiato aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati chenye kifuniko, na kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kikombe kilikuwa safi. Kitambaa kilikuwa laini kama nepi ya mtoto iliyofuliwa miaka. Alimwonyesha: kumwagia maji, kupangusa mbele, kupangusa nyuma, kulaza kwenye maji usiku. Alifanya yote hayo bila meno mkononi, vidole vikishika hewa.

"Mjukuu akigusa kikombe hiki namchapa," alisema. "Nimesubiri meno miaka sita. Nitayasugua na majivu?"

Otilia aliuliza kwa nini aliyasubiri hivyo. Alidhani atataja nyama.

"Nyama nakula hata kwa fizi," Resiato alisema. "Nataka kusema."

Akaeleza. Kijijini kwake Simanjiro kulikuwa na ugomvi wa kisima. Watu wa kitongoji cha pili walisema kilichimbwa na baba zao. Resiato alikuwa bibi harusi wa miezi miwili kisima hicho kilipochimbwa, na ndiye aliyewapelekea chakula wachimbaji, watu saba, wote sasa wamekufa. Katika walio hai hakuna mwingine aliyeona. Mwaka jana alisimama kwenye kikao bila meno, maneno yakatoka na upepo, vijana wakacheka, na mwenyekiti akaagiza mtu mwingine arudie alichosema. Huyo mtu alirudia vibaya. Sasa kulikuwa na kikao kingine cha usuluhishi mbele ya Baraza la Kata, Ijumaa ya wiki inayofuata. Mwanawe Lemaron alikuwa aje kumchukua Alhamisi mchana.

"Mimi Kiswahili nilijifunza ukubwani," alisema. "Nikikisema na meno, kinasikika. Sitaki mtu anisemee."

Otilia alitaka kumwambia pale pale. Alifungua mdomo, kisha akajiambia hana uhakika, ana alama ya ukucha tu. Akaaga.

Jumatano asubuhi alianza kutafuta uhakika. Alitengeneza vipande vinne vya plastiki, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, viwili vya kwanza kutoka kopo moja la unga wa kawaida. Cha kwanza alikipika taratibu, saa tisa na saa moja. Cha pili alikichemsha dakika ishirini. Cha tatu alitumia unga wa kuzibia nyufa, ule unaojikaza wenyewe bila moto, akauacha mezani. Cha nne kilikuwa unga huohuo wa nyufa, ila alikiweka kwenye sufuria ya presha yenye maji ya uvuguvugu. Njia ya maikrowevu, ambayo daktari alikuwa amewahi kuiulizia, hakuweza kuijaribu. Kopo la shaba haliingii kwenye maikrowevu, na makopo maalumu hawakuwa nayo. Alikwangua herufi nyuma ya kila kipande asije akachanganya.

Alhamisi mchana vyote vilikuwa vimepoa na kung'arishwa. Kwa macho havikuwa na tofauti. Alivipanga mezani na kumwita Nickson, mhasibu wa kliniki, amwambie kipi kizuri zaidi. Nickson alichagua kile cha dakika ishirini.

Otilia alichukua sindano nene ya chuma, akaifunga chini ya jiwe la mizani la nusu kilo aliloazima kwa muuza dagaa, akaiburuta juu ya kila kipande mara moja, kwa mwendo uleule. Kisha akaazima lenzi ya daktari. Kipande cha kwanza kilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Cha pili, kile cha dakika ishirini, kilikuwa na mfereji. Cha tatu kilikuwa na mfereji mpana zaidi, wenye kingo zilizoinuka. Cha nne kilikuwa bora kidogo kuliko cha pili.

Alirudia mara tatu. Mara zote tatu hali ilikuwa ileile.

Hata hivyo sindano na jiwe la dagaa si kipimo. Arusha kulikuwa na mtu aliyesoma naye, Wiliam, ambaye siku hizi alifundisha kwenye chuo cha ufundi kilichokuwa na mashine ya kupimia ugumu wa vyuma na plastiki. Ijumaa asubuhi Otilia aliviweka vile vipande kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi. Hakumwandikia Wiliam kipande kipi ni kipi.

Wiliam alipiga simu Jumatatu saa nne.

"Mama Goodness, nani kakutengenezea herufi B?"

"Kwa nini?"

"Niambie kwanza kama ni ya mtu anayeivaa."

"Wewe nipe namba, Wiliam."

Akampa. Mashine inabonyeza ncha ndogo ya almasi na kupima alama inayobaki. Namba ikiwa kubwa, kitu ni kigumu. Kipande cha taratibu kilikuwa na ishirini kasoro kidogo. Cha dakika ishirini, kumi na tano. Cha mezani, kumi na tatu na nusu. Cha sufuria ya presha, kumi na sita na ushei. Otilia akamtajia kila herufi ilivyopikwa.

"Hiyo kumi na tano si ajali ya unga," Wiliam alisema. "Plasta inazuia joto. Maji yanachemka nje, ndani ya kopo donge ndiyo kwanza linapata moto, na wewe umeshalitoa. Kuna majimaji yaliyobaki humo bila kugeuka. Hayo ndiyo yanayolainisha. Na kama anayevaa analalamika kuungua, ni hayo hayo, yanatoka kidogo kidogo."

"Nikichemsha tena sasa?"

"Utapunguza. Hutamaliza. Na unaweza ukayapinda. Vua ufizi wote, weka mwingine."

Otilia alishukuru. Aliandika zile namba nne kwenye karatasi, akavua koti la maabara, akaenda kugonga mlango wa daktari.

Daktari Gerson alisoma karatasi akiwa amesimama. Mwanzoni hakuelewa. Otilia alimweleza tangu mwanzo, mzee Sankok, unga, dakika ishirini, ukucha. Hakujitetea na hakumtaja yeye mahali popote.

"Lakini mimi niliikubali," daktari alisema.

"Uliikubali kwa sababu nilikwambia ni salama. Sikuipima."

"Wangapi?"

"Kumi na tisa, ukimwacha huyu bibi."

Daktari alikaa. Alikunja karatasi, akaikunjua tena. "Wengine hawajalalamika."

"Wengine wako mbali. Na aliyelalamika tumemwambia anasugua na majivu."

Nje kulikuwa na mtoto akilia akingojea kung'olewa jino. Daktari aliinuka akatafuta faili la Resiato kwenye kabati, akalifungua pale alipoandika, akakata ule mstari kwa kalamu mara mbili na kuweka sahihi pembeni. "Huyu anasafiri lini?"

"Alhamisi mchana. Ana kikao Ijumaa."

"Leo Jumatatu. Inawezekana?"

"Kama atakuja kesho nichukue alama ya fizi zake, nibaki na meno yale yale nibadilishe ufizi tu, nipike Jumatano kutwa, nifungue Alhamisi asubuhi. Inawezekana kama hakuna kitu kitakachoharibika."

"Mpigie."

"Hili si la simu, daktari," Otilia alisema. "Nitakwenda."

Alikwenda jioni ile ile. Nashipai alikuwa amerudi kutoka shule na alikuwa akisahihisha madaftari mezani. Resiato alikuwa jikoni. Otilia alikataa chai, kisha akaikubali alipoona kukataa kunawatia wasiwasi. Alikaa na kikombe mapajani na kusema alichojia, kwa maneno mafupi. Kwamba ufizi ulikuwa laini. Kwamba ulikuwa laini tangu ulipotoka kliniki. Kwamba hata kitambaa cha pamba kingeukwaruza, na chakula chenyewe pia. Kwamba kuungua kulitokana na hilo hilo.

Resiato alisikiliza akiwa ameegemea mlango. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, bibi. Ni mimi niliyepika. Nilifupisha muda."

"Rudia," Resiato alisema. "Mwambie huyu. Kwa sauti, asikie."

Otilia alimgeukia Nashipai, akarudia yote. Nashipai aliweka kalamu chini. Wiki ile yote alikuwa amelificha kopo la majivu chini ya kitanda chake, na kila asubuhi alisimama mlangoni akimwangalia mama yake anaposugua sufuria kwa sabuni ya unga. Alisema, "Yeyo, nisamehe," kwa Kimasai kisha kwa Kiswahili, kwa sababu kulikuwa na mgeni.

Mama yake alimwuliza Otilia, "Kwa nini ulifupisha?"

Otilia alimweleza kuhusu mzee wa Kiteto na benchi la stendi.

Resiato alifikiri. "Ulimwonea huruma mmoja ukawadhuru wengi," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehesabu mifugo inayoingia zizini. "Sasa kesho saa ngapi?"

Jumanne alifika saa mbili kamili. Daktari alimpokea mlangoni mwenyewe. "Mama, niliandika neno baya juu yako, nimelifuta. Naomba radhi." Resiato aliitikia kwa kichwa, akakaa kwenye kiti, akafungua mdomo. Otilia alichukua alama ya fizi kwa kutumia meno yale yale, akarudi nayo maabara, na kufikia jioni alikuwa ameyazika kwenye plasta, amechonga na kutoa plastiki yote ya zamani, na kubaki na safu ya meno ya rangi ya asali yakiwa yameshikwa na plasta peke yake. Asubuhi ya Jumatano, kabla ya saa moja, alishindilia donge jipya, akalibana kopo na kulitumbukiza kwenye maji.

Umeme ulikatika saa nne na nusu.

Birika kubwa la maabara lilikuwa la umeme, lenye kidhibiti chake. Otilia hakupoteza muda. Alihamishia kopo kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la gesi pamoja na maji yake, akaweka kipimajoto, na akaanza kulichunga. Moto wa gesi hauna utii. Ukiuacha kidogo maji yanapanda nyuzi themanini, na donge likipata joto jingi mapema linaumuka na kufanya matundu. Ukiupunguza sana yanashuka. Alisimama na kijiko cha maji baridi mkono mmoja na mkono mwingine kwenye kitufe cha jiko. Sabini na tatu. Sabini na tano. Sabini na nne.

Saa saba miguu ilianza kufa ganzi. Daktari Gerson aliingia akiwa amevua glavu.

"Nenda ukale."

"Nani atachunga?"

"Mimi nimesomea kusoma kipimajoto," daktari alisema. "Ya sabini na nne, siyo?"

"Sabini na nne. Ikifika sabini na sita toa moto, usingoje."

Otilia alikula ugali na mboga kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, kwa haraka, akarudi. Alimkuta daktari ameinama juu ya sufuria, miwani imejaa mvuke, na wagonjwa wawili wamesimama mlangoni wakimtazama kwa mshangao. Aliwaambia wasubiri, na wakasubiri. Mmoja wao aliuliza kinachopikwa. "Meno," daktari alijibu bila kugeuka.

Walipokezana mpaka saa kumi. Kisha Otilia aliongeza moto, maji yakachemka saa nzima, akazima. Umeme ulikuwa umerudi dakika kumi kabla. Aliliacha kopo kwenye maji, akafunga mlango, akaenda nyumbani.

Alhamisi saa moja asubuhi alilifungua. Alivunja plasta kwa nyundo ndogo, taratibu, akaosha. Hakukuwa na matundu. Alichonga kingo, akapeleka kwenye gurudumu, na plastiki ikamsukuma. Alilazimika kuegemea. Ilimchukua karibu saa nzima kuifanya ing'ae, na kwa muda wote huo hakuwa na haja ya kuibonyeza kwa ukucha.

Resiato aliyavaa saa tatu na robo. Daktari alimwambia aume karatasi ya rangi inayoonyesha meno yanapogongana, akapunguza sehemu mbili ndogo, akamwambia azungumze.

"Niseme nini?"

"Chochote, mama."

Resiato alitazama ukutani na kutaja majina ya wachimbaji saba, mmoja mmoja, jina la mtu na la baba yake. Kila jina lilitoka likiwa kamili. Alipomaliza aliuliza kama yanatosha. Lemaron, aliyekuwa amefika mapema na gari la kuazima na kusimama mlangoni na fimbo yake, alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Wakaondoka kabla ya saa sita.

Kuwatafuta wengine kulichukua wiki saba. Daktari na Otilia waligawana orodha wakapiga simu. Kumi na tano walikuja wakabadilishiwa bila malipo; sita kati yao walikuwa na fizi zilizochubuka na hawakuwa wamesema kwa sababu walidhani ndivyo meno ya bandia yalivyo. Mmoja alikuwa amefariki kwa ugonjwa mwingine. Wawili simu zao hazikupatikana, na Nickson alituma ujumbe kwa watendaji wa vijiji vyao. Mzee Sankok alipatikana lakini alikataa kuja. Alisema meno yake hayana shida na hatalala tena Babati. Otilia alipanda basi mpaka Kibaya, huko Kiteto, na vifaa vyake kwenye mkoba, akamchukua alama nyumbani kwake, akarudi, akapika kwa saa zote kumi, akampelekea mpya kwa mkono wake baada ya siku nne. Kwa wagonjwa wa mbali waliofuata, daktari alizungumza na hosteli ya kanisa iliyo karibu na soko, wakapewa vyumba viwili.

Nashipai alileta habari za kikao mapema zaidi, mwanzoni mwa Agosti, alipopita kliniki kung'olewa jino lake mwenyewe. Mama yake alizungumza karibu saa nzima, bila mtu wa kurudia maneno yake. Hakuna aliyecheka. Baraza lilikwenda mpaka kisimani, akawaonyesha jiwe ambalo wachimbaji walikalia wakati wa kula. Mwishowe wajumbe walipendekeza kisima kitumiwe na vitongoji vyote viwili, kwa zamu.

"Amekubali?" Otilia aliuliza.

"Wapi! Amewaambia suluhu ya namna hiyo anaweza kuitoa hata mtoto. Anataka iende Baraza la Ardhi la Wilaya. Ameniambia niandike maombi, na nisome kila mstari mbele yake kabla sijatuma." Nashipai alishika shavu lililoanza kufa ganzi kwa sindano ya daktari. "Nimeandika mara tatu. Bado anasahihisha."